Vikombe kumi visivyosema: maoni yangu baada ya miezi 32

Seti ni ya vikombe 10 vya plastiki, vya duara, kila kimoja kikiingia ndani ya mkubwa wake. Kile kikubwa kabisa kinajaa kiganjani mwangu. Kile kidogo nakishika kwa ncha za vidole vitatu. Chini ya kila kikombe pana tundu dogo na namba iliyotokeza, 1 hadi 10. Hakuna betri, hakuna taa, hakuna sauti ila ile ya plastiki kugonga sakafu. Nilivinunua binti yangu akiwa na miezi 4. Juzi ametimiza miaka 3, na asubuhi ya leo bado alikuwa navyo chini ya meza.

Wakati natafuta kitu cha kumnunulia, maoni yote niliyosoma yalikuwa ya mstari mmoja: mtoto amevipenda, rangi nzuri, vimefika salama. Mtoto hulipenda hata boksi lililovileta. Mimi nilitaka kujua atavifanyia nini, akiwa na umri gani, na kitoto kinachojifunza kufikiri na kusema kinapata nini kwenye vikombe vitupu. Hakuna aliyeniambia. Basi haya ndiyo niliyoyaona, mengi nikiwa nimeyaandika siku ileile kwenye daftari, maana kumbukumbu ya mzazi ina tabia ya kumpendelea mtoto wake.

Lazima nianze na kaka yake. Kifungua mimba wangu alikuwa na ubao wa vitufe unaosema. Ukibonyeza duara unasikia "nyekundu!", kisha muziki, kisha taa zinakimbizana. Boksi liliahidi maneno mengi na akili kuchangamka. Miaka miwili baadaye nilizitazama video fupi tulizomrekodi kwa simu akiwa na mwaka na miezi miwili, na kilichonishtua hakikuwa mtoto. Kilikuwa ukimya wetu. Mimi nimekaa pembeni, baba yake amekaa pembeni, ubao unasema, mtoto anabonyeza. Mara moja tu katika dakika nne nasikika nikisema "haya." Akiinua macho kututazama, taa inawaka na kuyarudisha chini.

Baadaye nikakuta kuwa jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 Anna Sosa, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo ya familia 26 zenye watoto wa miezi 10 hadi 16, waliorekodiwa wakicheza majumbani mwao. Walipokuwa na vitu vya kuchezea vinavyosema na kuwaka, wazazi walitoa maneno machache zaidi, walipokezana na watoto wao mara chache zaidi, na watoto wenyewe walitoa sauti chache zaidi, kuliko walipokuwa na vitabu vya picha. Vitu vya kawaida visivyo na umeme vilikuwa katikati. Yaani hata vikombe vyangu havikuongoza. Vitabu ndivyo vilivyoongoza, na ninalisema hili mapema ili mtu asije akaacha kitabu kwa sababu yangu.

Kuna kosa jingine la ule ubao ambalo linanikera mpaka leo, na ni la lugha yetu. Unasema "nyekundu" peke yake, hewani. Katika Kiswahili wekundu hauishi bila mwenyewe: kikombe ni chekundu, gari ni jekundu, maua ni mekundu, mdomo ni mwekundu. Mtoto anayejifunza kusema ana kazi kubwa ya kugundua kwamba mwanzo wa neno hubadilika kwa kufuata kitu kinachosemwa. Ubao ulimfundisha mwanangu neno lililokatwa kichwa kikabandikwa kingine. Kwa miezi mingi kila kitu kwake kilikuwa "nyekundu", hata cha kijani, kwa sababu "nyekundu" ndilo lilikuwa jina la kile kitufe.

Turudi kwenye vikombe.

Miezi ya mwanzo haina mengi. Alivitafuna, akavigonganisha, akavitupa. Hapa lile tundu la chini nalitaja kwa umuhimu wake: mtoto hupenda kuubandika mdomo na pua ndani ya kikombe, na kikombe kisicho na pa kupitisha hewa kinaweza kunata usoni. Kagua hilo kabla ya kununua seti yoyote. Na kile kidogo kabisa mimi nilikiondoa hadi alipofika umri ambao haweki tena kila kitu mdomoni, ingawa boksi limeandikwa kwamba seti nzima inafaa tangu miezi 6.

Utamu ulianza pale vikombe vilipogeuzwa juu chini.

Akiwa na miezi 6 nilikuwa namfunika bata wa mpira kwa kikombe namba 10, mbele ya macho yake, naye akaacha kumtafuta papo hapo, kana kwamba sakafu imemmeza. Daftari linasema: miezi 8 na siku 11, amekisukuma kikombe na kumtoa bata. Alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kabla. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyewachunguza watoto wake mwenyewe watatu, aliuona umri huohuo kuwa ndio mtoto anapoanza kutafuta kilichofichwa. Kabla ya hapo, alidhani, kisichoonekana kwa mtoto ni kama hakipo.

Piaget ndiye pia aliyelieleza kosa ambalo mzazi yeyote mwenye vikombe viwili anaweza kuliona jioni moja. Nikamficha bata chini ya kikombe cha kushoto mara tatu, akamtoa mara tatu. Mara ya nne, huku ananitazama waziwazi, nikamficha chini ya kikombe cha kulia. Akaenda kushoto. Akakiinua kikombe, akaona patupu, akanitazama mimi. Mara nyingine jicho lake lilikuwa limeganda kulia wakati mkono unakwenda kushoto! Hilo nililiandika kwa alama ya mshangao, kwa sababu niliona kitu nisichokitarajia: kwamba ndani ya mtoto mmoja jicho linaweza kujua na mkono usijue.

Mtafiti Adele Diamond aliwafuata watoto katika mchezo huuhuu na kugundua kuwa tatizo ni la kungoja. Ukimruhusu achukue mara moja, hupatia. Ukimchelewesha kidogo, hupotea. Muda anaoweza kuuvumilia huongezeka kwa takriban sekunde 2 kila mwezi: mwenye miezi saba na nusu huteleza hata ukimzuia chini ya sekunde 2, na anayekaribia mwaka hustahimili hadi zaidi ya 10. Aliuhusisha mwendo huo na kukua kwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia kulishika jambo akilini na kuuzuia mkono uliokwisha kuzoea njia moja. Nilipolisoma hilo nilianza kuhesabu kwa sauti huku nimeishika mikono yake: moja, mbili, tatu. Miezi 9, "tatu" lilikuwa refu mno kwake. Miezi 11 tulifika sita bila kukosea. Sikuwa namfundisha. Nilikuwa natazama ubongo ukikua kwa kutumia vikombe viwili na bata.

Watafiti waliokuja baada ya Piaget wanasema alimchukulia mtoto kuwa mjinga kuliko alivyo. Renée Baillargeon na wenzake walionyesha mwaka 1985 kwamba hata wa miezi 5 hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi pale ubao wa kukinga macho unapoonekana kupita mahali ambapo kuna kisanduku kilichofichwa nyuma yake. Kwa hiyo wanakumbuka kwamba kisanduku kipo. Nimekaa sakafuni vya kutosha kuona pande zote mbili zimeshika kweli: kujua kwa macho kunatangulia, kujua kwa mkono kunafuata kwa miezi.

Na kujua kwa mdomo? Hapa ndipo nilipoanza kuithamini seti hii zaidi ya kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Neno lake la kwanza lenye maana ambalo halikuwa jina la mtu lilikuwa "amna". Miezi 15. Alikiinua kikombe, hapakuwa na kitu, akatandaza viganja: "amna." Alikuwa amelisikia kwetu mamia ya mara, kwa sababu mchezo wenyewe unalilazimisha neno: yumo? hamna! yumo? yumo! Watafiti Alison Gopnik na Andrew Meltzoff, katika miaka ya 1980, waliona kuwa watoto huanza kutumia maneno ya kutoweka karibu na wakati uleule wanapomudu mafumbo magumu zaidi ya vitu vilivyofichwa. Wazo na neno hutembea bega kwa bega. Na yetu ni lugha ambayo imeweka mahali hasa, mahali pasipo dhahiri na ndani, kila kimoja katika silabi moja: hapa, huku, humu, yupo, yuko, yumo. Kikombe kilichofunikwa ni darasa kamili la "m" ile. Sikuwahi kuliona hilo kabla ya kuwa na mtoto, nami nimesema Kiswahili tangu nizaliwe.

Kabla ya "amna" kulikuwa na kidole. Miezi 11 alianza kunyoosha kidole cha shahada, na hapo nyumba nzima ikawa na majina. Kuna siku akiwa na miezi 18 kikombe cha bluu kilikuwa juu ya kabati, alipokiweka kaka yake. Akakinyoshea kidole, akasema "kaka." Kidole kilisema kikombe, mdomo ulisema nani amekiweka pale. Hiyo tayari ni sentensi, nusu yake iko mkononi. Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha mwaka 2005 kwamba watoto hupitia mchanganyiko wa namna hii, ishara ya kitu kimoja na neno la kingine, kabla ya kuunganisha maneno mawili. Anayewahi huu huwahi na ule. Wangu alichukua wiki tano. Tarehe niliyoiandika ina maneno "kaka kombe", na nimeyapigia mstari.

"Kombe", si "kikombe". Silabi za mwanzo zilikuwa zinadondoka kila mahali: "taka" badala ya nataka, "jiko" badala ya kijiko. Mkwe wangu aliingiwa na wasiwasi, akaniuliza kama mtoto hasikii vizuri. Kama kuna shaka ya masikio, mpeleke mtoto akapimwe mapema, usingoje hata wiki. Mtoto ambaye habwabwaji silabi kama "bababa" akikaribia mwaka anastahili kupimwa kusikia. Lakini huku kudondosha ni kwa kawaida. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanaojifunza Kiswahili, alikuta kuwa huachia viambishi vya mwanzo wa kitenzi kwa kipindi fulani, kisha huvirudisha wenyewe. Nilichofanya mimi ni kuendelea kusema neno zima bila kumsahihisha: "Ndiyo, kikombe. Kaka amekiweka juu. Nikushushie?"

Hapa vikombe 10 vina faida ambayo wanaovitengeneza huenda hawajawahi kuifikiria. Vyote ni vya ngeli moja. Dakika kumi za kucheza navyo ni mvua ya ki na vi: kimeanguka, kiko wapi, kile pale, kilete, hiki kidogo, hiki kikubwa, vimekwisha, vipange. Mtoto hapewi kanuni, anapewa mdundo. Akiwa na miaka miwili alikuwa anasema "kikombe kubwa", na kufikia miaka miwili na nusu ilikuwa "kikubwa" bila mtu kumwambia. Kisha likaja jambo lililonifanya nisimame katikati ya chumba. Alikuwa amevaa kikombe namba 10 kichwani, akitembea kwa kujidai, akisema ni kofia. Kikadondoka. Akasema, "Kofia imeanguka." Akakiokota, akakirudisha kwenye mnara, mnara ukayumba, kikadondoka tena. Akasema, "Kimeanguka." Plastiki ileile, sakafu ileile, na ngeli imebadilika kwa sababu katika fikra zake kitu chenyewe kilikuwa kimebadilika. Ningelipa seti nzima mara nyingine kwa ajili ya dakika ile tu.

Sasa mnara na kupanga, maana ndiko boksi linakojisifia. Alipokuwa na miezi 20 aliwahi kujaribu kuingiza mguu wake mzima ndani ya kikombe namba 4, kwa bidii ya kweli, akakasirika ulipokataa. Usicheke na usiogope. Judy DeLoache na wenzake waliyaeleza makosa ya namna hii mwaka 2004: watoto wa kati ya mwaka na nusu na miaka miwili na nusu, wenye akili timamu kabisa, hujaribu kukalia kiti cha mwanasesere. Wanakitambua kitu ni nini, na kwa nukta hiyo ukubwa wake hausikilizwi.

Ila kilichonikaa moyoni ni namna alivyoviingiza kimoja ndani ya kingine. Daftari lina maandishi matatu niliyoyaandika bila kujua kwamba yanahusiana. Miezi 13: kidogo ndani ya kikubwa, anakitoa, anakirudisha, mara 9, vingine havigusi. Miezi 21: amemchagua namba 10, anatumbukiza vyote humo, kimoja kimoja, vingine vimekwama upande. Miezi 33: amekiweka cha 3 ndani ya cha 4, akavibeba viwili pamoja, akavitia ndani ya cha 5.

Muda si mrefu baada ya hilo la tatu nilisoma kwamba mwaka 1972 Patricia Greenfield na wenzake Nelson na Saltzman walikuwa wamewapa watoto wa miezi 11 hadi 36 vikombe vitano kama hivi na kuona njia hizohizo tatu, kwa mfuatano huohuo: kuoanisha, kisha kukifanya kimoja kuwa chungu cha kupokea vyote, kisha kubeba kilichokwisha kuunganishwa kama kitu kimoja. Hiyo ya tatu ni ngumu, na ukiitazama vizuri utaona ni kwa nini. Kikombe cha kati kina kazi mbili. Kwanza kinapokea; dakika hiyohiyo kinageuka kuwa kinachoingia. Greenfield aliilinganisha na sentensi ambamo mtajwa mmoja anatendwa upande huu na kutenda upande ule.

Nikarudi kutafuta kwenye daftari. Wiki mbili kabla ya vile vikombe viwili kubebwa pamoja, nilikuwa nimeandika alichoniambia: "Lete kile kimeanguka." Watu wazima tungesema kilichoanguka, lakini mjengo umo. Kile ndicho kinacholetwa, na kilekile ndicho kilichoanguka. Sentensi imebebwa ndani ya sentensi. Wapo wataalamu walioupinga ulinganisho wa Greenfield wakisema sarufi ina njia zake, nami sidai kwamba kikombe kilimfundisha binti yangu kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba nilibahatika kuona akili moja ikifanya kazi moja kwa mkono na kwa ulimi ndani ya mwezi mmoja, na kama ningekuwa na ubao wa taa nisingeiona.

Kuna utafiti mwingine uliobadilisha namna ninavyovisikia vitenzi vyetu. Mwaka 1991 Soonja Choi na Melissa Bowerman walionyesha kwamba watoto wanaojifunza Kikorea huligawa jambo la kuweka tofauti na wanaojifunza Kiingereza. Wa Kiingereza hutenga ndani na juu. Wa Kikorea wana kitenzi kkita, cha kitu kinachokwenda na kubana, kiwe kimeingia ndani au kimevikwa juu. Halafu mwaka 2004 Susan Hespos na Elizabeth Spelke wakaonyesha kuwa watoto wa miezi 5 kutoka familia za Kiingereza nao huiona tofauti ya kubana na kulegea, ingawa lugha ya wazazi wao haiitilii maanani. Yaani mtoto huja na macho yanayoona migawanyo mingi, na lugha ya nyumbani humwonyesha ipi ya kuisema.

Yetu inamwonyesha mingi. Tunatia, tunatumbukiza, tunachomeka, tunapachika, tunavisha, tunafunika. Na kwa kufanya kwingi tuna kufanyua: panga na pangua, funika na funua, chomeka na chomoa, kunja na kunjua. Vikombe vinavyopangwa vimekuja kana kwamba vimetengenezwa kwa ajili ya mwisho huo wa neno, kwa sababu hakuna kinachofanyika navyo kisichotenguliwa papo hapo. Akiwa na miaka miwili na miezi minane, wakati wa kuoga, alikuwa akijaza maji namba 7. Akaniita. "Mama, nimejaza. Sasa najazua." Akayamwaga yote. Jazua! Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo, kwa sababu halipo. Alikuwa ameitoa kanuni kwenye panga na pangua akaipeleka mahali ambapo sisi tumezoea kusema kumwaga. Bowerman, aliyeweka kumbukumbu za usemi wa binti zake wawili, aliyakuta makosa ya jamii hii kwa Kiingereza pia, wakitengua vitenzi visivyotenguliwa. Mtoto anayekariri hawezi kukosea hivyo. Anayefikiri ndiye anayeweza.

Nimesifu sana, na seti ina dosari zake.

Kikombe cha 5 na cha 6 vimepishana kwa kiasi kidogo mno. Hata mimi navichanganya. Kwa mtoto wa miezi 22 anayejaribu kujua kipi kinaingia wapi, tofauti isiyoonekana si fumbo, ni dhuluma, na machozi mengi ya seti hii yalitoka kati ya vikombe hivyo viwili. Niliishia kukificha cha 6 kwa miezi mitano. Cha 3 kilikuja na mshono wa plastiki uliochomoza ukingoni. Niliusugua kwa msasa. Namba za chini hazina rangi, kwa hiyo mtoto hazioni, anazipapasa tu. Tulipokipoteza cha 1 nilimwandikia muuzaji kuomba kimoja cha kuziba pengo, akajibu kwamba hauzi kimoja kimoja. Na boksi lina maneno "huongeza akili", ambayo ningependa yafutwe. Havina akili ndani yao. Bibi yao alivigeuza siku ya kwanza akatafuta pa kuwekea betri, akaniuliza, "Mkwe, mbona hivi havisemi?" Nilimjibu kwamba ndiyo maana nimevichukua, sisi ndio tutakaosema.

Na hilo ni gharama pia, afadhali mtu alijue. Kabla ya mwaka mmoja havimshughulishi mtoto peke yake kwa zaidi ya dakika chache. Kama unachohitaji ni nusu saa ya kupumua, na kila mzazi huihitaji, hivi havitakupa. Baada ya mwaka na nusu mambo yalibadilika: alikuwa anaweza kuzama humo kimya, midomo imebana, na mimi nikajifunza kunyamaza. Mwanzoni nilikuwa natangaza kila kitu kama mpira redioni. Utafiti wa Michael Tomasello na Michael Jeffrey Farrar wa mwaka 1986 ulinirekebisha: neno hushika zaidi likitajwa kwa kitu ambacho mtoto tayari anakiangalia kuliko likitumiwa kumvuta akaangalie kingine. Tangu hapo nangoja macho yake yainuke. Yakiinuka, nasema. Yasipoinuka, yupo kazini.

Chagua visivyoonyesha ndani. Vya kioo kioo vinaua mchezo wote wa kuficha. Chagua vyenye tofauti ya ukubwa inayoonekana kwa jicho, hata kama ni vitano tu. Rangi si hoja. Natoa nyota 4 kati ya 5. Ya tano imezuiwa na kile cha 5 na cha 6.

Kuhusu cha 1: wiki iliyopita baba yao alisogeza friji kufagia nyuma yake, na kikombe kikabingirika hadi katikati ya jikoni. Kilikuwa kimepotea miezi minne. Binti yangu alichuchumaa akakitazama muda mrefu bila kukigusa, kisha akanigeukia na neno ambalo katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kulitumia mbele yake, na ambalo safari hii liko kwenye kamusi.

"Mama, kimejifichua."